Keki Huchorwa Kabla ya Kupikwa

Tangu mwezi uliopita mkono wangu wa kulia unachora mawimbi mahali ninapotaka mstari ulionyooka. Solange, ambaye sasa ndiye anayeongoza karakana yetu ya keki, aliniambia kwa heshima kubwa kwamba nimefanya kazi ya kutosha. Nilimjibu kwamba mawimbi nayo ni mapambo. Akatabasamu, akanivutia kiti, akakiweka mbali na meza. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike jinsi kazi hii ilivyoanza, kwa sababu baadhi yenu mnadhani ilianza siku friji ilipofika. Nitaandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana katika kazi hii nimekuwa na cheo kimoja tu, na nilijipa mwenyewe.

Kabla ya keki nilikuwa mchoraji wa plani kiwandani, hapa mtaa wa Panda. Chombo kikivunjika mashineni, waliniletea vipande. Nilivipima, nikakichora upya kwenye karatasi ya kalki, ile nyembamba inayopitisha mwanga, na mafundi wakakichonga kipya. Nilikuwa na meza iliyoinama, rula, kompasi na penseli za kila ugumu. Miaka ya tisini ilipoanza, vyombo viliendelea kuvunjika lakini hakuna aliyeleta vipande. Mshahara ukawa kama mgeni asiyetoa taarifa, kisha hata kuja ukaacha. Sisi tuliendelea kwenda kazini asubuhi. Tuliketi, tukachonga penseli, tukarudi nyumbani. Sidhani Katanga nzima ilikuwa na penseli kali kuliko zetu.

Mke wangu Odile alikuwa anakaanga mikate ya kuuza mbele ya nyumba. Siku moja alinikuta napima urefu wa ukuta wa jikoni bila sababu yoyote.

"Papa Selestini," akasema, "mikono yako iko mizuri na haifanye kitu. Nenda kwa tantine Bernadette akufundishe keki."

"Keki? Wakati huu batu hawana hata unga wa kusonga bukari?"

"Batu banaoa hata kama hawakule. Njo pale, wakati wa njaa, banaoa zaidi."

Tantine Bernadette, shangazi yake Odile, alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wageni ya mjini. Wageni walikuwa wamekwisha, lakini yeye alibaki na kila kitu kichwani, na tanuri alijitengenezea uani: nusu ya pipa la chuma, makaa chini, mfuniko, na makaa mengine juu ya mfuniko. Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa shati jeupe la ofisi, daftari mkononi, penseli sikioni. Aliniangalia tangu juu hadi chini.

"Hiyo penseli ni ya kukorogea?"

Tulichanganya, tukamimina, tukafunika. Nami, kwa kuwa nilizoea kukagua kazi, nilifunua mfuniko baada ya dakika chache nione inaendeleaje. Nikafunua tena. Mara ya tano keki ilikuwa imezama katikati kama barabara ya kwenda mtaa wa Kikula.

"Selestini," akasema bila hasira, "weye unachungulia kama polisi wa bariera ya barabara. Keki ni muntu wa haya. Ukimwangalia sana, anakaa chini."

Kipimo chake cha joto kilikuwa sala. Aliingiza mkono tanurini, akaanza Salamu Maria. Akilazimika kuutoa kabla ya kufika "mzao wa tumbo lako", moto ulikuwa mkali mno. Akifika Amina bila hata kukunja uso, moto ulikuwa umelala. Mahali pazuri ni kwenye "utuombee". Mimi nimepika hivyo miaka yote, na mnajua kwamba hata leo, karibu na jiko lile la umeme, midomo yangu hucheza. Kwa keki za familia za kilokole nilibadilisha, nikatumia Baba Yetu, ili nisiwakosee. Kwenye keki sikuona tofauti.

Vijana, hamkujua vifaa vya wakati ule, basi acheni niwaeleze. Unga ulivuka mpaka kutoka Zambia, na mara nyingine ulifika na harufu ya sabuni, kwa kuwa mchuuzi aliufunga pamoja na sabuni. Unga wa namna hiyo ulitiwa maganda ya limau na kuuzwa kama keki ya limau. Mayai yalitoka Kapolowe kwa baiskeli, yamelazwa ndani ya pumba za mahindi. Pasua kila yai peke yake ndani ya kikombe kabla ya kulichanganya na mengine. Hili nawaambia kila wiki, nanyi kila wiki mnafanya haraka. Mimi nilipoteza mayai kumi na moja kwa ajili ya la kumi na mbili, na nyumba ilinuka mpaka Jumapili.

Sukari ya kupambia haikuwepo. Tuliitwanga ya kawaida kwenye kinu, tukaichekecha kwa kitambaa laini. Kitambaa laini kuliko vyote nyumbani kilikuwa kile ambacho Odile alijifunika kanisani, na jambo hilo hajalisamehe lote. Kipigio cha ute wa mayai nilikisuka kwa spoku za baiskeli. Mchango wangu mwenyewe katika ufundi huu ulikuwa kalki: inazuia mafuta, haipasuki, ukiikunja inakuwa koni safi ya kukamulia mapambo. Rafiki yangu wa mashine ya kuchonga alinitengenezea midomo saba ya shaba ya kutia kwenye koni kutoka mabomba ya zamani ya nyumbani kwake. Ule mnaouita "nyota", mnaogombania kila Ijumaa, ulikuwa bomba la bafu.

Nilipojua moto, nilitafuta wateja. Hapo nikafanya kosa ambalo kila anayeanza hulifanya: nilimwiga aliyetangulia.

Aliyetangulia aliitwa Mama Tshala, wa Kikula, na mji mzima ulimjua. Keki yake ilikuwa na ghorofa tatu nyeupe, nguzo ndogo kati ya ghorofa na ghorofa, na mawaridi ya sukari yaliyofanya watu waulize kama yananyweshwa maji. Niliingia katika harusi moja nisiyoalikwa, nikampa pole baba wa bibi-arusi kwa sababu sikukumbuka upesi neno la hongera, kisha nikapima keki nzima kwa mita niliyoificha kwenye mkono wa koti. Nilikwenda nyumbani, nikaipika sentimita kwa sentimita.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu aliyemwozesha dada yake. Aliizunguka keki mara mbili.

"Ni ya Mama Tshala?"

"Hapana, mwalimu. Ni yangu."

"Inafanana na ya Mama Tshala," akasema kwa upole wa mtu anayesahihisha daftari, "lakini hii imechoka."

Aliichukua, kwa kuwa harusi ilikuwa kesho yake. Alipofika mlangoni aligeuka. "Nikitaka ya Mama Tshala, papa, najua nyumba yake."

Kisha ukaja wakati ambao majirani walianza kuambiana nani kwao ni hapa na nani kwao siyo hapa. Mnaoujua hamhitaji niueleze, na msioujua waulizeni wazazi wenu siku wakiwa wametulia. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa kama mimi, walikaa stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni ya kuwaondoa. Sina mzaha juu ya jambo hilo.

Mchana mmoja Mama Tshala, naye mwenye asili hiyo, alikuja Panda kwa miguu. Sikuwahi kuzungumza naye. Alikuwa amebeba kitu kizito kwenye kitenge, akakiweka juu ya meza yetu na kukifungua: vyombo vyake vitatu vya kuokea, vya mviringo, vyeusi kwa kazi.

"Treni haikubali chuma mingi," akasema. "Weye njo Selestini?"

"Njo minye, mama."

"Ile keki ya mwalimu niliiona. Na weye nilikuona, siku ile ulikuwa unapima yangu. Nilifikiri ni muntu wa jeneza."

Nilitafuta mahali pa kutazama. Odile, ambaye hakuwahi kusikia habari ya mita, alipapata: alinitazama mimi.

"Usinakili tena," Mama Tshala akaendelea. "Weye si muntu wa maua. Maua yako inafanana na masikio. Unajua kufanya nini?"

"Kuchora plani."

"Basi chora."

Odile alimpa keki kavu ya karanga, ya safari. Mama Tshala alimega kipande pale pale, akatafuna polepole, macho yake uani kwetu. "Moto iko muzuri," akasema. Hiyo ndiyo diploma pekee niliyopata katika kazi hii. Tulimsindikiza hadi stesheni. Sikumwona tena.

Wateja wake walianza kuja kwangu, na kwa miezi kadhaa kila hongera niliyopewa niliipokea kama kitu cha kuazima. Lakini neno lake lilifanya kazi. Niliitoa meza ndogo ya kuchorea, nikaiweka barazani. Mteja alipokuja nilimkalisha, nikamwambia asiseme habari ya keki kwanza, aseme habari ya anayesherehekewa. Alipokuwa anasema, mimi nilichora. Keki kwa mbele, keki kwa juu, keki iliyokatwa katikati ili aone tabaka za ndani. Chini nilitia kisanduku cha maelezo kama kiwandani: jina la kazi, kipimo, na mchoraji, kile cheo nilichojipa mwenyewe. Mteja alitia sahihi.

Sikutegemea yaliyofuata. Watu walienda na plani nyumbani na kuibandika ukutani. Majirani walikuja kuitembelea. Wakati ule sherehe ilikuwa siku moja na njaa ilikuwa siku zote, na mtu aliyekuwa na plani ukutani alikuwa na keki wiki tatu kabla ya kuipika. Zaidi ya hayo, hapakuwa na ugomvi. Mtu akisema aliagiza nyekundu, namwonyesha palipoandikwa njano, na sahihi yake.

Sisemi kwamba kila plani ilifaulu. Muuza mawe mmoja, wa yale mawe ya kijani wanayochonga visahani vya majivu ya sigara na tembo wadogo, alitaka keki ya ubatizo iliyofanana na jiwe lake: mistari ya kijani ndani ya kijani, hadi katikati. Plani ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kwa kuwa rangi ya kijani haikupatikana dukani, nilikamua majani ya lengalenga, yaani mchicha. Keki ilipokatwa, wageni walishangilia, maana lilikuwa jiwe lenyewe. Kisha wakala. Bibi mmoja wa pembeni akaomba chumvi.

Sasa nije kwenye harusi ya minara miwili, ambayo Solange husimulia vibaya.

Bibi-arusi alikuwa wa Panda, wa familia ya Kikatoliki, baba yake mfanyakazi wa kiwandani kama mimi. Bwana-arusi alikuwa wa Kikula, wa familia ya wachuuzi waliosali katika nyumba ya maombi. Ilikubaliwa kwamba keki itakuwa minara miwili iliyounganishwa na daraja, mnara kwa kila familia. Upande mmoja ulileta unga na sukari, upande wa pili mayai na majarini, hivyo hakuna aliyeweza kujitoa bila kumwachia mwenzake kitu kisicholika.

Jumanne alikuja Mama Henriette, shangazi wa bibi-arusi, mwanamke mrefu aliyezoea kuongoza kwaya.

"Papa Selestini, mnara yetu ipite yao kidogo. Vidole viwili tu. Sisi njo tunatoa mutoto."

Alhamisi alikuja Mama Rachel, shangazi wa bwana-arusi. Yeye alikuwa mfupi, mwenye sauti ya sokoni.

"Papa, sisi njo tunaoa. Mnara ya mwenye kuoa inaweza kuwa sawa na ya mwenye kuolewa? Uongeze vidole viwili. Na usimwambie yule wa kwaya."

Ningekataa kwa mmoja, unga ungeondoka. Ningekataa kwa mwingine, mayai yangeondoka. Na mji huu ni mdogo: fundi anayeharibu harusi moja huwa ameharibu na zile ambazo hazijafanyika. Nilikaa barazani mchana mzima. Halafu nikachora plani mbili. Kwa Mama Henriette nilichora keki kama itakavyoonekana kutoka kwenye kiti chake, upande wa kushoto wa ukumbi, karibu na mnara wa Panda. Kwa Mama Rachel, kutoka kwenye kiti chake, upande wa kulia. Kitu kilichoinuliwa juu ya macho, kikiwa karibu nawe, kitaonekana kirefu kuliko mwenzake aliye mbali. Kila mmoja aliona mnara wake umepita kwa vidole viwili, akatia sahihi, akaondoka ameridhika. Minara yenyewe ilikuwa sawa hadi milimita.

Odile alizitazama plani zote mbili.

"Siku ile tutakimbilia wapi?"

"Kapolowe," nikamwambia. "Mayai tayari yanajua njia."

Siku ya harusi nilisukuma keki kwa kigari hadi ukumbini, nikaunganisha daraja hapo hapo. Niliinua meza kwa matofali, nikaketi kwenye kiti cha Mama Henriette: mnara wa Panda ulipita. Nikaenda kuketi kwenye kiti cha Mama Rachel: mnara wa Kikula ulipita. Nikatoa tofali moja, nikarudisha nusu, nikaketi tena. Mlinzi wa ukumbi aliniuliza kama nimechoka.

Watu waliingia na kukaa. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni, nikaona kidevu cha Mama Henriette kinapanda. Upande wa pili, Mama Rachel alikuwa anamwonyesha jirani yake kitu kwa vidole viwili. Nikaanza kujiona mtu mwenye akili.

Ndipo mchungaji akasema, "Tusimame kwa maombi."

Nilikuwa nimepima macho ya watu waliokaa. Nilisahau kwamba watu husimama. Na mchoraji yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ukikitazama kitu kutoka juu yake, sheria inageuka: kilicho karibu kinaonekana kimeshuka, cha mbali kinaonekana kimepanda. Ukumbi mzima ulisimama, na kwa kila familia mnara wa jirani ukakua mbele ya macho yake.

Namshukuru Mungu kwamba maombi huombwa macho yamefumbwa, na kwamba mchungaji yule hakuwa mtu wa maneno machache. Mia mbili walikuwa wamefumba. Wawili hawakufumba. Mama Henriette alikuwa ameinamisha kichwa, lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye keki. Mama Rachel hakujificha hata kidogo. Aliinama, akainuka. Akakunja magoti, akanyoosha. Waliokuwa karibu naye walidhani Roho amemshukia, wakaanza kusema amina.

Watu walipokaa, wale wawili hawakukaa. Mmoja alizunguka kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, wakakutana katikati, mbele ya daraja. Walitazama keki. Kila mmoja akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa. Walizilinganisha. Mkono wangu tayari ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wa nje. Mama Rachel alimwambia mwenzake neno sikioni, Mama Henriette akajibu neno moja, kisha kila mmoja akarudi kwenye kiti chake na kukunja mikono. Maharusi walikata daraja. Keki ililiwa hadi makombo.

Jumatatu mashangazi wale wawili walikuja nyumbani. Pamoja. Odile aliwaona kutoka mbali, akaniita kwa sauti ndogo, kisha akaingia ndani na kuniacha peke yangu barazani. Miaka mingi ya ndoa humfundisha mtu.

Niliwapa viti. Waliketi. Mama Henriette ndiye aliyeanza.

"Siku ya Jumamosi, pale mbele ya keki, unajua huyu aliniambia nini?"

"Hapana, mama."

"Aliniambia, 'Huyu mwanaume ni mwizi.'"

"Na minye nilimwuliza," akasema Mama Rachel, "kama tunamkamata sasa ao kisha kumaliza kula. Akasema kisha kula."

Hakuna aliyecheka. Nilianza kueleza habari za macho na kimo cha meza, lakini Mama Rachel aliinua mkono.

"Wacha. Tulielewa. Tulirudia ile mambo kwetu kwa nyumba na ndoo mbili juu ya meza, tukaona. Hatukuja kugombana. Mutoto wangu wa mwisho anaoa mwezi unaokuja. Bibi-arusi ana shangazi mmoja, muntu wa majivuno sana. Tunataka keki ya minara miwili."

"Na safari hii," akasema Mama Henriette, ambaye hakuwa na undugu wowote na harusi hiyo, "yetu iwe mrefu kweli. Minye mwenyewe nitapima."

Wanawake hao wawili ndio walioikuza kazi hii, msimsikilize mtu mwingine. Mmoja alinitafutia wateja katika kila kwaya ya Panda, mwingine katika kila safu ya soko la Kikula, na kila mteja aliyekuja barazani alianza kwa kuinama, akanong'ona kwamba ana ombi dogo tu, la vidole viwili. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba sikimbilii Kapolowe. Nilivuta karatasi mpya ya kalki, nikaibana mezani, nikachukua penseli.

"Sawa, bamama," nikasema. "Huyo shangazi atakuwa amekaa, ao atakuwa amesimama?"